Kanuni za Machweo: Utungaji wa Sheria kwa Haraka Serikali Inapong'atuka, kwa Mtazamo wa Doldol

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayejiponza mwenyewe kwa pupa yake. Ipo, hata hivyo, haraka ya aina nyingine ambayo haimdhuru mwenye pupa hata kidogo. Mwenye haraka huondoka salama na mzigo ukabaki mabegani mwa wengine. Hiyo ndiyo haraka ya serikali inayojua kwamba muda wake unayoyoma. Katika miezi yake ya mwisho, matangazo huongezeka, kanuni hutiwa saini, mipaka hubadilishwa na vyeo hugawanywa. Atakayeulizwa baadaye ni mwingine, na atakayeumia ni mwananchi ambaye hata hakupata habari.

Makala haya yananuia kueleza mambo manne. Kwanza, tutabainisha tofauti kati ya sheria na kanuni. Pili, tutaeleza kwa nini serikali zinazong'atuka hupenda kutumia kanuni. Tatu, tutachunguza mfano wa misitu ya Kenya mwaka 2001 pamoja na vizuizi vilivyowekwa baadaye. Mwisho, tutayatazama mambo hayo kwa jicho la mkazi wa Doldol, na kuuliza lugha ina nafasi gani katika suala hili.

Huenda msomaji akajiuliza, kwa nini Doldol? Mji huu mdogo uko Laikipia Kaskazini, upande wa kaskazini wa Nanyuki, mahali ambapo vilima vya Mlima Kenya huachana na nyanda kavu za wafugaji. Sehemu kubwa ya ardhi inayouzunguka humilikiwa na jamii kwa pamoja: Il Ngwesi, Makurian, Kurikuri, Lekurruki na nyinginezo. Karibu na mji huo upo msitu wa asili wa Mukogodo, wenye ukubwa wa karibu hekta 30,000. Mahali kama hapa, ambapo malisho, maji na kuni ni mali ya wote, maisha ya maelfu ya watu yanategemea mpaka uliochorwa kwenye ramani na aya moja iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Anayebadilisha aya hiyo hubadilisha maisha, hata kama hajawahi kufika Doldol.

Sheria na Kanuni

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno sheria na kanuni hutumiwa kana kwamba ni visawe. Katika utawala wa nchi maneno hayo hayana maana moja. Sheria hutungwa na Bunge: mswada husomwa mara tatu, hujadiliwa, hupigiwa kura, kisha hutiwa saini na Rais. Kanuni hutungwa na waziri au taasisi iliyopewa uwezo huo na sheria. Bunge, kwa mfano, huamua kwamba misitu ihifadhiwe. Waziri naye, kwa tangazo, huamua ni msitu upi na mpaka wake upite wapi.

Mgawanyo huu wa kazi una mantiki. Bunge haliwezi kukaa kujadili kila ada, kila fomu na kila kigingi cha mpaka. Lakini urahisi huo ndio unaofungua mlango. Mswada hupita mbele ya mamia ya macho, ilhali kanuni inaweza kuandikwa ofisini na wachache na kuanza kutumika pindi inapochapishwa. Kwa serikali yenye miaka mitano mbele yake, tofauti hiyo si kubwa. Kwa serikali yenye miezi michache tu, tofauti hiyo ndiyo kila kitu: mswada hautakamilika, kanuni itakamilika.

Sababu za Haraka

Zipo sababu tatu kuu zinazoisukuma serikali inayong'atuka kutunga kanuni mbio mbio. Ya kwanza ni kutafuta kura au kulipa fadhila. Ardhi, leseni na vyeo ni zawadi ambazo serikali inaweza kuzitoa ikiwa ingali na muhuri mkononi. Ya pili ni kumfunga mrithi mikono. Kanuni ikishaanza kutumika, anayetaka kuifuta hulazimika kuanza utaratibu mpya, na pengine kuwapokonya watu kile walichokwisha kupewa. Ya tatu ni kalenda yenyewe: kazi halali iliyoanzwa miaka miwili au mitatu awali hufikia tamati mwishoni, kwa kuwa kila mtu humaliza kazi yake karibu na siku ya kuikabidhi.

Ni muhimu tusizichanganye sababu hizi. Ya kwanza na ya pili hustahili shaka. Ya tatu hustahili pongezi. Ugumu ni kwamba kwa nje zote tatu hufanana. Tangazo la hila na tangazo la haki huchapishwa katika gazeti lile lile, kwa wino ule ule, Ijumaa ile ile.

Misitu Inapomegwa: Mwaka 2001

Mfano ulio wazi zaidi katika eneo la Mlima Kenya ni wa mwaka 2001. Rais Daniel arap Moi alikuwa amechaguliwa mwaka 1992 na tena mwaka 1997, na Katiba ya wakati huo haikumruhusu kuwania tena. Kila mtu alijua kwamba uchaguzi wa mwaka 2002 ungemleta rais mwingine. Mnamo Februari 2001, Waziri wa Mazingira alitangaza katika Gazeti Rasmi nia ya kubadilisha mipaka ya misitu kadhaa ili kuondoa zaidi ya hekta 67,000 katika hifadhi. Zaidi ya nusu ya eneo hilo lilikuwa Mau Mashariki. Misitu mingine iliyoguswa ni pamoja na Mau Kusini-Magharibi, Molo, Marmanet iliyoko Laikipia, na sehemu ya Mlima Kenya wenyewe. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwapa makao watu wasio na ardhi.

Tuzingatie utaratibu uliotumika, maana ndio kiini cha hoja yetu. Sheria ya Misitu ya wakati huo, Sura ya 385, ilimtaka waziri atoe notisi ya siku 28 tu. Siku hizo zikipita, aliweza kubadilisha mpaka kwa tangazo. Hakulazimika kulipeleka suala hilo Bungeni. Mlima Kenya ulikuwa umetambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, na Julai 2000 msitu wake ulitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori. Miezi saba baadaye, sehemu ya msitu huo huo ilikuwa katika orodha ya kumegwa. Kilichojengwa kwa tangazo kilikuwa kinabomolewa kwa tangazo.

Pingamizi zilizuka. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri na mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, alikamatwa Machi 2001 karibu na Mlima Kenya alipokuwa akikusanya saini za wananchi waliopinga mpango huo, akaachiliwa siku iliyofuata. Pamoja na pingamizi hizo, Oktoba 2001 serikali ilichapisha matangazo ya kubadilisha mipaka. Desemba 2002 wapigakura wa Tetu walimchagua Maathai kuwa mbunge wao, na Januari 2003 akateuliwa Waziri Msaidizi wa Mazingira katika serikali mpya ya Mwai Kibaki. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Masimulizi mengi hukomea hapo, kwenye ushindi. Lakini matokeo ya kanuni za machweo huonekana baada ya muda mrefu. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilibaini kwamba ugawaji huo uliongezeka nyakati za uchaguzi mkuu wa 1992, 1997 na 2002. Kwa maneno mengine, kalenda ya ardhi ilifuata kalenda ya kura. Mnamo 2009 serikali ilipoanza kuwaondoa watu katika msitu wa Mau, walioonekana kando ya barabara wakiwa na watoto na mabati yao hawakuwa wale waliotia saini matangazo. Miongoni mwa waliokuwa wakiishi humo walikuwapo maskini walioamini kwamba karatasi ya serikali ni karatasi ya serikali. Mwenye haraka alikuwa amekwisha kuondoka.

Hapa tunaweza kulitazama neno ambalo wananchi walilitumia kwa tukio hili. Walisema msitu umemegwa. Kumega ni kitenzi cha sinia: mtu humega tonge la ugali kwa vidole na kulitia kinywani. Neno hilo linaeleza jambo ambalo lugha ya Gazeti Rasmi, yenye kutaja namba za ramani na hekta zenye desimali, hulificha: kwamba kuna anayekula, na kwamba tonge likishamegwa halirudi siniani.

Si Kila Haraka ni Hila

Ili tusihukumu kwa pupa, ni vyema tulinganishe na tukio la mwaka huo huo ng'ambo. Rais Bill Clinton wa Marekani aliondoka madarakani Januari 20, 2001. Siku nane kabla, Januari 12, serikali yake ilichapisha kanuni ya kuzuia ujenzi wa barabara katika ekari milioni 58.5 za misitu ya taifa. Kwa tarehe pekee, hiyo ni kanuni ya machweo kabisa. Hata hivyo, ilikuwa imetanguliwa na zaidi ya mwaka mmoja wa maandalizi, mamia ya mikutano ya hadhara na maoni ya wananchi zaidi ya milioni moja.

Kwa hiyo, katika kipindi cha wiki chache, serikali moja iliyokuwa ikiondoka ilifunga misitu na nyingine iliyokuwa ikielekea kuondoka ilitangaza nia ya kuimega. Kipimo basi si tarehe. Kipimo ni safari iliyoifikisha kanuni kwenye tarehe hiyo: je, watu waliulizwa? Je, walielezwa kwa lugha wanayoielewa? Je, walipewa muda wa kujibu, na je, majibu yao yaliweza kubadilisha lolote?

Wamarekani wenyewe wamelifahamu tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1801 Rais John Adams aliteua mahakimu kadhaa katika saa za mwisho za utawala wake, na kesi iliyotokana na uteuzi huo ikaamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1803. Mwaka 1996 Bunge lao lilitunga sheria ya kuliruhusu kuzifuta kanuni mpya kwa utaratibu wa mkato, na mwaka 2017 zaidi ya kanuni kumi za utawala wa Barack Obama zilifutwa kwa njia hiyo.

Vizuizi vya Kenya na Mianya Yake

Kenya nayo imejifunza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika mwaka 2007, ilimwondolea waziri uwezo wa kubadilisha mipaka peke yake na kutaka Bunge liidhinishe. Sheria ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake inadai kwamba anayetaka mpaka ubadilishwe awasilishe ombi Bungeni. Siku 28 za mwaka 2001 hazitoshi tena.

Katiba ya mwaka 2010 iliongeza vizuizi viwili. Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 134 kinaeleza kwamba tangu siku kura ya urais inapoanza kupigwa hadi rais mteule anapoapishwa, anayeshikilia kiti hawezi kuteua majaji, kuteua wala kufuta mawaziri, kuteua mabalozi, kutoa msamaha kwa wafungwa wala kutunuku nishani. Ni kifungu kizuri, ila tukisome kwa makini. Kinayazuia mamlaka ya Rais tena baadhi tu, na kinaanza kufanya kazi siku ya kupiga kura. Hakisemi lolote juu ya waziri anayetia saini kanuni, wala juu ya miezi inayotangulia uchaguzi.

Pengo hilo lilikusudiwa kuzibwa na Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013. Inamtaka mtunga kanuni ashauriane na watakaoathirika. Inamtaka pia aiwasilishe kanuni Bungeni katika siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Asipofanya hivyo, kanuni hukoma. Fauka ya hayo, kila kanuni hufikia ukomo baada ya miaka kumi. Kwa kinaya cha historia, sheria hii ya kuzuia pupa ilitiwa saini na Rais Kibaki Januari 14, 2013, siku ya mwisho ya Bunge la Kumi, katika shehena moja na sheria za elimu ya msingi, kilimo na mazao. Siku chache kabla, katika kikao chao cha mwisho, wabunge hao walikuwa wamejipitishia kiinua mgongo cha takriban shilingi milioni 9.3 kila mmoja, jambo ambalo Rais alilikataa. Lango la mwisho lile lile lilipitisha kizuri na kibaya pamoja.

Sasa tuutazame mwanya. Sheria inazungumzia siku saba za vikao, si siku saba za kalenda. Mwaka 2022 Bunge la Kitaifa liliahirisha vikao vyake Juni, na uchaguzi ukafanyika Agosti 9. Katika kipindi hicho hakuna kikao, na pasipo kikao saa haihesabu. Kanuni inayochapishwa Julai inaweza kuanza kutumika mara moja na kusubiri mkaguzi wake ambaye hata hajachaguliwa. Hatusemi kwamba kila linalofanyika wakati huo ni baya. Julai 20, 2022, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilitangaza ruzuku iliyoshusha bei ya pakiti ya kilo mbili za unga wa mahindi hadi shilingi 100, na hakuna mwenye njaa aliyelalamika. Lakini rais mpya, William Ruto, alipoapishwa Septemba 13, alisema kwamba ruzuku za namna hiyo hazikuwa zimefaulu. Nafuu iliyotolewa wiki tatu kabla ya kura haikukusudiwa kuishi muda mrefu baada yake.

Doldol: Haraka na Lugha

Turejee sasa Doldol. Kwa wakazi wa Laikipia, karatasi ya serikali ina historia ndefu. Agosti 1904 viongozi wa Wamaasai walikubaliana na serikali ya kikoloni kuhama Bonde la Ufa, na wakaahidiwa kwamba Laikipia ingekuwa yao kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo. Muda wote huo ulidumu miaka saba. Aprili 1911, mwezi mmoja hivi baada ya kifo cha laibon Olonana, mkataba mwingine uliwaondoa Laikipia na kuwapeleka kusini. Wamaasai waliposhtaki, mahakama iliamua mwaka 1913 kwamba mkataba huo ulikuwa jambo la dola na dola, nje ya uwezo wake. Agosti 2004, miaka mia moja baada ya mkataba wa kwanza, wazao wao waliandamana kuudai upya ule uliokuwa ukiitwa wa milele.

Mikataba hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Walioiwekea alama za vidole hawakuweza kuisoma. Zaidi ya karne moja baadaye, Gazeti Rasmi la Serikali bado huchapishwa kwa Kiingereza. Msomaji na achukue mfano wa kudhania: waziri anachapisha rasimu ya kanuni za malisho na kutoa siku 28 za maoni. Gazeti linatoka Nairobi siku ya Ijumaa. Wiki ya kwanza inapita kabla ya nakala kumfikia mtu yeyote Doldol. Wiki ya pili anatafutwa kijana aliyesoma ili awaeleze wazee, naye anakutana na sentensi yenye mistari minane isiyo na nukta. Wiki ya tatu inatafutwa njia ya kukutana. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka theluthi mbili ya wanajamii wahudhurie ili mkutano wao uwe na nguvu ya kuamua, na kiangazi kimekwisha kuwatawanya wachungaji na mifugo yao. Wiki ya nne muda umekwisha. Hakuna aliyewanyima haki yao ya kusikilizwa. Haki imekufa njiani.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba haraka na lugha ni pazia mbili za dirisha moja. Ukiwapa watu mwaka mzima na waraka wasioweza kuusoma, hujawapa kitu. Ukiwapa waraka wa Kiswahili fasaha na siku tatu za kuujibu, hujawapa kitu vilevile. Wayaaku wa Mukogodo, ambao lugha yao ya asili imebaki na wazungumzaji wachache mno baada ya jamii kuhamia Kimaa, wanajua kuliko wengi wetu jinsi watu wanavyoweza kupoteza lugha. Isiwe kwamba wanayoipata badala yake nayo haiwafikishi mbele ya dola.

Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni za machweo hutokana na tofauti ya kasi kati ya Bunge na ofisi ya waziri. Kwamba si zote ni hila, bali zote zastahili kuulizwa zilikotoka. Na kwamba sheria za Kenya zimeziba matundu mengi ila zimeacha moja pana katika miezi ya uchaguzi. Wanasheria watasema namna ya kuliziba. Pengine kanuni zinazochapishwa baada ya Bunge kuahirishwa zisubiri Bunge jipya kabla ya kuanza kutumika, isipokuwa za dharura.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunayo sehemu yetu. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katiba yenyewe imetafsiriwa, na Bunge la Kitaifa limezitafsiri Kanuni zake za Kudumu. Kilichobaki ni ile aya ya Ijumaa, ambayo ndiyo humfikia mwananchi kwa nguvu zaidi na kwa lugha asiyoielewa. Vyama vya wanafunzi vina watu, vina kamusi, na katika miezi ya likizo vina muda. Kutafsiri rasimu moja ya kanuni ya ardhi au ya misitu, kwa sentensi fupi ambazo mzee anaweza kusomewa chini ya mti, ni zoezi la isimu linalofaa kuliko mengi tunayoyafanya darasani. Tena tuanze kabla ya msimu wa uchaguzi kuwadia, kwa kuwa aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, ndivyo wasemavyo wanaonufaika na usingizi wa wengine. Sisi kazi yetu na iwe kuwaamsha waliolala.